Soko la jumla la spea mpya za magari nchini Tanzania

Soko la jumla la spea mpya za magari nchini Tanzania ni biashara ya kuagiza vipuri vipya vya magari, pikipiki na bajaji kutoka nje ya nchi na kuviuza kwa wingi kwa wenye maduka, gereji na kampuni za usafirishaji. Kitovu chake ni Kariakoo jijini Dar es Salaam, hasa upande wa Gerezani na kandokando ya Mtaa wa Msimbazi. Wateja wake wanatoka mikoa yote ya Tanzania, na wengine huvuka mpaka kutoka Zambia, Malawi, Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nairobi kazi ya namna hiyo hufanyika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, na Kampala inafanyika katika soko la Kisekka.

Kamusi husema vipuri, madukani husemwa spea. Makala hii inatumia neno la madukani.

Kati ya 2023 na mwisho wa 2025 wafanyabiashara wa soko hili walilalamikia mambo matatu kwa zamu: dola, kodi na wageni. Ukiyatazama kwa karibu, yote matatu yanagusa jambo moja ambalo halionekani kwenye rafu, nalo ni muda wa kulipa. Muuza jumla wa spea anauza chuma na mpira, lakini anauza pia siku 30 au 60 ambazo mnunuzi hukaa na mzigo kabla ya kutoa fedha. Muda huo ukiwa ghali, mnyororo wote hadi kwa fundi wa gereji ya chini ya mwembe hutikisika.

Bidhaa zenyewe

Magari mengi ya Tanzania huingia yakiwa yametumika, zaidi kutoka Japani. Injini, giaboksi, milango na taa zake nazo huja zikiwa zimetumika, kutoka kwenye magari yaliyovunjwa hukohuko Japani au kupitia Dubai na Sharjah. Hiyo ni biashara ya mtumba, ina mitaa yake na watu wake. Spea mpya hutawala kwenye vitu vinavyolika au kuchakaa: pedi za breki, filta, plagi, beringi, bushi, boljointi, shokapu, mikanda, sahani za klachi. Hakuna anayetaka filta ya oili iliyokwisha kutumika.

Ndani ya spea mpya kuna madaraja. La juu ni spea yenye nembo ya kampuni iliyotengeneza gari, ambayo mafundi huiita jenyuini. Linafuata daraja la kampuni zinazovitengenezea viwanda vya magari na kuuza pia kwa jina lao wenyewe, kama vile Denso, Aisin, KYB, Exedy na NGK. Kwa boljointi na tairodi, fundi wa Kitanzania hutaja 555 ya Japani bila kufikiri mara mbili. Daraja la tatu ni spea za China zenye majina mengi, nyingine nzuri na nyingine za kubahatisha. Chini kabisa ni feki, yaani spea inayobeba jina la kampuni ambayo haikuitengeneza. Msomaji asichanganye daraja la tatu na la nne. Spea ya bei rahisi yenye jina lake yenyewe haimdanganyi mtu.

Tofauti nyingine, ambayo ndiyo inayoamua utajiri au ufilisi wa muuza jumla, ni ya mwendo. Injini ya Toyota 1NZ-FE imo kwenye IST, Vitz, Probox, Spacio na Raum. Plagi na filta zake huuzwa kila siku, kwa sababu aina moja ya boksi huwafaa wenye magari wa namna nyingi. Taa ya mbele ya Raum huifaa Raum tu, tena ya toleo moja tu, na inaweza kukaa stoo mwaka mzima ikimsubiri mtu aliyegonga. Muuza jumla anayeheshimiwa ni yule mwenye vyote viwili. Faida ya filta huilipia kodi ya pango la taa.

Upande wa pikipiki hesabu ni tofauti. Bodaboda na bajaji huingia nchini zikiwa mpya, nyingi kutoka India na China, kwa hiyo hakuna mtumba wa kutosha wa kuzivunja. Mnyororo, sproketi, kebo ya klachi, brekishuu na pistoni za pikipiki hununuliwa mpya. Zaidi ya hapo, bodaboda hutembea tangu alfajiri hadi usiku wa manane na hula spea kuliko gari la mtumishi anayeegesha ofisini. Maduka mengi ya jumla yaliyokuwa ya magari pekee sasa yana upande mzima wa spea za pikipiki, na katika miji midogo ya wilayani upande huo ndio unaolipa mishahara.

Mzigo na safari yake

Mwagizaji huchagua bidhaa kiwandani au kwenye masoko ya jumla ya Guangzhou, mji wa kusini mwa China ambao mtaa wake wa Yongfu unajulikana kwa spea za magari. Desturi iliyozoeleka ni kulipa sehemu ya fedha mwanzoni, mara nyingi asilimia 30, na kumalizia mzigo ukiwa tayari kupakiwa. Kiwanda huchukua wiki kadhaa kuandaa oda. Meli nayo huchukua mwezi au zaidi hadi Dar es Salaam, ikitegemea kama kontena litabadilishwa meli njiani. Kisha kuna nyaraka, wakala wa forodha, ushuru, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na gharama za bandari. Kwa wastani wa kawaida fedha iliyotoka mfukoni Januari hurudi kuonekana kama boksi dukani Aprili au Mei.

Hapo bado haijauzwa. Mwenye duka wa Mbeya, Mwanza au Tunduma hupiga simu, husoma orodha, na mzigo hupakiwa kwenye lori au basi la jioni. Malipo huja baadaye, kidogokidogo, kwa simu. Utaratibu huu huitwa mali kauli: mali hutolewa kwa kauli ya mtu. Kumbukumbu yake ni daftari, na dhamana yake ni kwamba mtu huyo atahitaji mzigo mwingine mwezi ujao. Mwenye duka naye humpa fundi. Fundi huchukua pedi asubuhi na kulipa jioni, mwenye gari akilipa. Akipata msiba au gari lisipochukuliwa, deni hulala.

Hesabu ya jambo hili ni ya kidato cha pili. Tuseme mzigo una thamani ya shilingi milioni 100, umechukua miezi minne kufika na kutolewa bandarini, kisha ukakopeshwa kwa miezi miwili. Riba ya mikopo ya benki nchini katika miaka hii imekuwa karibu asilimia 15 kwa mwaka. Miezi sita ni nusu mwaka, hivyo muda peke yake umegharimu shilingi milioni 7.5, kabla ya pango, mishahara na kodi. Anayefanya biashara kwa fedha yake mwenyewe haoni riba hiyo kwenye karatasi, lakini anaipoteza vilevile, kwa kuwa fedha hiyo ingeweza kufanya kazi nyingine.

Benki hupenda hati ya nyumba kuliko boksi za beringi. Hili linaeleweka: ofisa wa benki hawezi kujua kama rafu ya spea ni mali au ni takataka. Matokeo yake ni kwamba muuza jumla wa Kariakoo amekuwa benki ya wenye maduka ya mikoani, bila kuwa na leseni ya benki wala fedha za wenye akiba.

Dola

Mwanzoni mwa 2023 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi zisizozidi sana 2,300. Baadaye mwaka huo, na kuingia 2024, dola zilikuwa adimu. Waagizaji walipanga foleni benki wakiwa na shilingi mkononi, na katikati ya 2024 kiwango kilikuwa kimevuka 2,600. Desemba 2024 shilingi iliimarika hadi karibu 2,400, ikadhoofika tena kufikia karibu 2,690 mwishoni mwa Aprili 2025, kisha ikapata nguvu na kurudi chini ya 2,500 kabla ya mwaka kwisha.

Watu wengi hudhani shilingi ikiimarika kila mfanyabiashara hufurahi. Kwa muuza jumla wa spea kushuka kwa dola kunaweza kuumiza kama kupanda kwake. Chukua mzigo wa dola 40,000. Aliyeulipia kwa 2,690 ametoa shilingi 107,600,000. Jirani yake aliyelipia miezi michache baadaye kwa 2,450 ametoa 98,000,000. Tofauti ni shilingi 9,600,000 kwa bidhaa zilezile, katika maduka yanayotazamana. Wa kwanza hawezi kuuza bei ya juu, maana winga anayemletea wateja atawapeleka ng'ambo ya mtaa. Hupunguza bei na kula hasara, au hushikilia bei na kukaa na mzigo huku muda ukizidi kumla.

Kabla ya hapo wapo waliojikinga kwa kupanga bei kwa dola. Tarehe 28 Machi 2025 zilianza kutumika kanuni zinazokataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Nia ya kanuni hizo ilikuwa kuipa heshima shilingi na kupunguza ulanguzi wa dola, na kwa mwananchi wa kawaida ni jambo jema. Ila hatari ya kiwango haikuondoka. Ilihama tu, ikamkalia yule anayelipa kiwandani kwa dola na kukopesha mikoani kwa shilingi.

Nauli za meli

Mashambulizi ya Wahouthi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalianza Novemba 2023, na kampuni kubwa za meli zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika. Kontena linalotoka Guangzhou kuja Dar es Salaam halipiti Bahari ya Shamu, na kwa sababu hiyo baadhi ya wateja waliona nauli mpya kuwa kisingizio cha wauzaji. Hakikuwa kisingizio. Meli zilizokuwa zikienda Ulaya sasa zilihitaji siku nyingi zaidi kwa safari moja, hivyo meli na makontena yakawa haba duniani kote. Katikati ya 2024 bandari ya Singapore, ambako mizigo mingi hubadilishiwa meli, ilisongamana. Nauli ilipanda hata kwa njia ambazo hazikuwa na vita.

Bandari ya Dar es Salaam yenyewe ilikuwa katika mabadiliko. Oktoba 2023 serikali ilisaini mkataba wa miaka 30 na DP World ya Dubai kwa ajili ya gati namba 4 hadi 7, na mwaka 2024 kampuni ya Adani ya India ikachukua kitengo cha makontena kwenye gati namba 8 hadi 11. Ubishi wa kisiasa juu ya mikataba hiyo ni mada ya makala nyingine. Kwa mwenye spea swali ni moja: kontena linakaa siku ngapi kabla ya kutoka. Kila siku inayopungua ni sehemu ya ile milioni 7.5 inayorudi mfukoni.

Kuchangia kontena

Zamani mwenye duka wa Mbeya hakuwa na njia ya kufika kiwandani. Leo ana simu. Huona bidhaa kwenye mtandao, huongea na muuzaji wa Guangzhou kwa WeChat, hulipa kupitia wakala, na boksi zake kumi huwekwa kwenye kontena moja na mizigo ya watu wengine 50. Wapo mawakala Kariakoo wanaoishi kwa kazi hiyo ya kukusanya mizigo midogo. Hulipishwa kwa ujazo au kwa kilo, ushuru ukiwa ndani ya bei.

Mwenye duka huyo anaagiza nini? Anaagiza filta, plagi na pedi za magari yaliyojaa mjini kwake. Haagizi taa ya Raum. Kwa hiyo kuchangia kontena hakumuondoi muuza jumla moja kwa moja. Kunamnyang'anya bidhaa zinazokwenda haraka na kumwachia zinazokwenda polepole, yaani kunamnyang'anya filta iliyokuwa ikiilipia taa pango lake. Akiacha kuweka taa, mteja aliyegonga gari atalazimika kwenda kwenye mtumba au kusubiri miezi mitatu. Akiendelea kuiweka, itambidi apandishe bei yake, na ataitwa mlanguzi.

Jambo hili halijaandikwa sana magazetini kwa sababu halina tarehe wala mkutano. Kwa maoni ya mwandishi, ndilo badiliko kubwa kuliko yote yaliyotajwa hapa. Dola hupanda na kushuka, ila simu ya mwenye duka wa Mbeya haitarudi kuwa ya kupigia tu.

Risiti, stoo na migomo

Tarehe 15 Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo. Wafanyabiashara walilalamikia kamatakamata ya maofisa wa kodi, usajili wa stoo, na adhabu zinazohusu risiti za mashine za EFD. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao Mnazi Mmoja tarehe 17 Mei, katika mkutano wa hadhara uliodumu kwa saa nyingi huku wafanyabiashara wakisimama mmoja mmoja kueleza. Tarehe 24 Juni 2024 mgomo ulitokea tena, na safari hii ukaenea hadi miji ya mikoani.

Kwa wauza nguo stoo ni chumba kimoja nyuma ya duka. Kwa muuza spea stoo ni biashara yenyewe. Aina elfu kadhaa za bidhaa haziwezi kukaa kwenye duka la upana wa mlango mmoja, kwa hiyo mzigo hutawanywa kwenye vyumba vya ghorofa za juu na za chini, mtaa huu na ule. Serikali ilikuwa na sababu ya kutaka kujua kilichomo humo, maana mzigo usiojulikana ni kodi isiyojulikana. Mfanyabiashara naye alikuwa na sababu ya kuogopa, kwani mzigo wa polepole ukihesabiwa kama utajiri, atakadiriwa kodi kwa taa ambazo hazijauzwa tangu mwaka juzi. Msongamano huu una hatari nyingine pia. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu karibu 30, wengi walikumbushwa kwamba majengo ya eneo hilo hubeba bidhaa nyingi kuliko watu.

Kuhusu risiti, tatizo ni la hesabu. Muuza jumla aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani huuza kwa 118 kitu ambacho bila kodi ni 100. Mwenye duka mdogo ambaye mauzo yake hayajafika kiwango cha usajili (tangu Julai 2023 ni shilingi milioni 200 kwa mwaka) hawezi kudai ile 18 irudishwe. Kwake ni gharama tupu. Akimpata anayeuza 105 bila risiti, atanunua hapo, na aliyenyooka atabaki akiangalia. Wengi waliogoma walikuwa na makosa yao, na risiti za uongo si hadithi. Ila miongoni mwao walikuwamo pia waliokuwa wakipigwa bei na wakwepaji, na mgomo uliwaweka wote kapu moja.

Amri ya Julai 2025

Kwa miaka kadhaa wenyeji wa Kariakoo walilalamika kwamba wageni, hasa Wachina, wamehama kutoka kiwandani na jumla hadi kwenye rejareja. Mwanzoni mwa 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, aliunda kamati ya kuchunguza suala hilo. Tarehe 28 Julai 2025 ilitolewa amri inayokataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya supamaketi na wauza jumla maalumu wa bidhaa za wazalishaji wa ndani. Aina nyingine ni pamoja na kutuma na kupokea fedha kwa simu, kutengeneza simu, saluni na kuongoza watalii. Mgeni atakayekaidi anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kufungwa hadi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali. Raia atakayemsaidia anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Siku chache baadaye, tarehe 1 Agosti 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kituo cha biashara na usafirishaji cha Afrika Mashariki pale Ubungo, mahali palipokuwa stendi kuu ya mabasi. Kituo hicho kimejengwa kwa uwekezaji wa Kichina na kina maduka zaidi ya 2,000. Wapo walioona mkono mmoja ukifunga mlango na mwingine ukifungua. Serikali ilieleza kwamba kituo ni cha kuleta wateja wa nchi jirani ambao wangesafiri hadi China.

Kwa upande wa spea, amri inamzuia mgeni kusimama nyuma ya kaunta. Haimzuii kumtumia mzigo mwenyeji kwa mkopo. Na hapa ndipo palipo na uzito, maana kiwanda cha China kinachoweza kumkopesha mwenyeji kwa siku 90 kinaingia sokoni bila leseni, bila kaunta na bila viza. Muuza jumla asiye na mkopaji wa namna hiyo hushindana na mtu mwenye muda wa bure.

Marekani: deni lilelile kwa vazi jingine

Soko kubwa la spea la Marekani lilipitia mtihani wake mwaka huohuo. Tarehe 3 Mei 2025 ilianza kutozwa huko kodi ya forodha ya asilimia 25 kwa spea nyingi kutoka nje, ingawa zile za Kanada na Mexiko zinazotimiza masharti ya mkataba wao zilisamehewa, na Japani baadaye ikapunguziwa hadi asilimia 15. Kwa Kariakoo athari yake si ya moja kwa moja. Viwanda vya China vilivyopoteza wateja wa Marekani vilitafuta wengine, na mauzo ya China barani Afrika, ya bidhaa zote kwa jumla, yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 mwaka 2025. Mtu anayetafuta wateja huwa mwepesi wa kukopesha.

Kisa kinachofaa kutazamwa zaidi ni cha First Brands, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikimiliki majina kama filta za Fram, plagi za Autolite na wipa za Trico. Tarehe 28 Septemba 2025 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 10. Filta zilikuwa zikiuzwa na magari ya Wamarekani, yenye umri wa wastani wa karibu miaka 13, yaliendelea kuzihitaji. Kilichoiangusha ni ankara. Kampuni ilikuwa ikiuzia wakopeshaji haki ya kupokea malipo ambayo wateja wake walikuwa bado hawajalipa, ili ipate fedha leo badala ya kusubiri. Baada ya kuanguka, baadhi ya wakopeshaji walidai kwamba ankara moja ilikuwa imeuzwa zaidi ya mara moja.

Mfanyabiashara wa Gerezani angeuelewa mkasa huo bila mkalimani. Naye hungoja malipo ya mzigo uliokwisha kuondoka. Tofauti ni kwamba yeye hawezi kuuza daftari lake la mali kauli kwa mtu yeyote. Hiyo humnyima mtaji, lakini pia humzuia kuliuza mara mbili.

Feki na miteremko

Muuza jumla anayebanwa na muda hufanya mambo mawili. Hupunguza siku za mkopo, na huchagua wa kumkopesha. Mwenye duka wa mkoani asiyechaguliwa hubaki na fedha taslimu kidogo, na fedha kidogo hununua bei ya chini. Hapo ndipo feki hupata mlango. Boksi lenye jina kubwa la Kijapani kwa theluthi ya bei huuzwa kwa fedha taslimu, halikopeshwi, kwa sababu aliyeliuza hataki kutafutwa baadaye.

Shirika la Viwango Tanzania hukagua bidhaa kabla hazijapakiwa huko zinakotoka, na Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, hukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Ukaguzi huo husaidia kwa makontena makubwa ya mtu mmoja. Kwa kontena lililochangiwa na watu 50 kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa boksi mbili za pedi hujificha kwa urahisi kati ya viatu na vyombo vya plastiki.

Plagi feki humpotezea mtu mafuta na asubuhi yake. Pedi feki ni jambo jingine. Madereva wa malori na mabasi wanaijua miteremko ya Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida na ile ya Mbalizi mkoani Mbeya, na taarifa za ajali za maeneo hayo mara nyingi huandikwa kwa maneno mawili, breki kufeli. Taarifa hizo hazisemi pedi ilinunuliwa wapi, kwa bei gani, wala kama aliyeinunua alikuwa ameomba kwanza akopeshwe iliyo nzuri. Lori likiisha kuungua, boksi la pedi huwa limetupwa gereji siku nyingi, na aliyeliuza anaendelea kuuza.